Farasi Dume Hazalishi, Nami Naogopa Kupimwa

Mama Angelina, shikamoo.

Mimi ni msomaji wa ukurasa wako tangu gazeti hili lilipoanza kufika Morogoro, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekuwa miongoni mwa hao wanaokuandikia, lakini leo naomba unisaidie kwa sababu nimeingiwa na hofu ambayo siwezi kumweleza padri wala rafiki, na mtu ninayepaswa kumweleza kuliko wote ndiye ninayemwogopa zaidi, naye ni mke wangu. Ukichapa barua hii tafadhali usiweke jina langu. Mke wangu nitamwita Magdalena, ingawa si jina lake.

Kazi yangu ni kutunza farasi. Najua wasomaji wako watashangaa, kwa kuwa wengi wetu farasi tumemwona kwenye picha tu. Shamba ninalofanyia kazi liko upande wa Mikese, zamani lilikuwa la shirika la umma na tulifuga ng'ombe wa maziwa, mimi nikiwa mkamuaji, kisha yakaja mambo ya kubinafsisha, shirika likavunjwa, ng'ombe wakauzwa, wenzangu wengi wakapunguzwa kazi, na shamba likachukuliwa na mfanyabiashara wa Dar es Salaam tunayemwita Bwana Salehe. Bwana huyu alisikia kwamba watalii wanapenda kupanda farasi na kwamba hoteli za kaskazini zinawatafuta, akaamua awazalishe hapa hapa nchini awauzie. Akaleta majike kutoka Arusha, na dume mmoja kutoka nchi za kusini, mrefu, mwekundu, shingo imepinda kama upinde, jina lake Jemadari. Siku walipomshusha kwenye lori kila mtu alikimbilia nyuma ya ghala, mimi nikabaki nimesimama, na kusema kweli miguu ndiyo iliyokataa kwenda, lakini Bwana Salehe akadhani ni ushujaa, akasema kuanzia siku hiyo mimi ndiye saisi wake, mtunza farasi. Hivyo ndivyo nilivyonusurika kupunguzwa.

Jemadari nilimzoea na yeye akanizoea, mpaka akawa anakula kwenye kiganja changu na mtu mwingine akimkaribia anarusha teke. Majike walipoingia kwenye joto tulikuwa tunampandisha, mimi ndiye nashika kamba, na kazi yake aliifanya vizuri bila uvivu wowote. Lakini majike hawakushika mimba. Joto likarudi, tukampandisha tena, likarudi tena, msimu mzima ukaisha hivyo. Bwana Salehe akakasirika, akasema ameuziwa majike makapi, akawauza baadhi yao kwa hasara na wengine wakawa wanapewa majani ya mwisho, kama vile kutopata mimba ni kosa walilolifanya kwa makusudi. Hakuna aliyefikiria kumlaumu Jemadari, maana ukimtazama tu unaona ni dume.

Baadaye akaitwa daktari wa mifugo, mhadhiri wa chuo kikuu pale mjini, mama mmoja anaitwa Daktari Sharifa. Akawapima majike kwa kuingiza mkono wenye glovu ndefu, akasema wazima. Akachukua mbegu za Jemadari akazitazama kwenye hadubini, akaniruhusu na mimi nichungulie, nikaona vitu kama viluwiluwi vidogo sana vinakimbizana, vingi mno. Daktari akasema kwa macho hana cha kulaumu, mbegu ni nyingi na zinaogelea. Bwana Salehe akafurahi, lawama zikarudi kwa majike.

Ila Daktari hakuridhika. Alimshauri Bwana Salehe aazime dume mwingine, wakaleta farasi mzee kutoka Iringa, mwenye jicho moja bovu, magoti yamevimba, mtu ungemwonea huruma. Majike wote aliowapanda walishika mimba.

Bwana Salehe akampigia simu yule aliyemuuzia Jemadari, na alipombana sana akasema kwamba Jemadari ana kaka yake, baba mmoja mama mmoja, naye huko aliko hazalishi, na kwamba baba yao na mama yao walikuwa ndugu wa karibu, walioanishwa makusudi ili lile umbo zuri lisipotee. Daktari Sharifa alipokuja kuambiwa habari hiyo tulikuwa tumesimama kwenye uzio, mimi nimeshika kamba ya Jemadari, na maneno aliyomwambia Bwana Salehe nayakumbuka yote mpaka leo.

"Kasoro imo ndani ya mbegu yenyewe," alisema. "Inaogelea, inafika kwenye yai, inashindwa kuingia. Baba yake alizaa na mama yake alizaa, kwa sababu kila mmoja alibeba chembe moja ya urithi iliyo mbovu na nyingine nzima, na ile nzima ikamkinga. Huyu nadhani amepokea mbovu kutoka pande zote mbili. Wazazi wakiwa wa damu moja hilo hutokea kwa urahisi zaidi."

Bwana Salehe akauliza kama dada zake Jemadari nao ni wagumba. Daktari akasema anavyoambiwa dada zake wanazaa, tatizo linaonekana kwa madume tu. Akasema pia kwamba yeye hana kipimo cha kuionyesha hiyo chembe, anakisia kwa kuangalia ndugu zake.

Mama Angelina, maneno hayo yalinigusa mimi. Baba yangu na mama yangu ni watoto wa kaka na dada. Kwetu milimani ndoa ya namna hiyo wazee wa zamani waliipenda, watu wanajuana, mashamba yanabaki karibu, na hakuna aliyeona ubaya. Wakatuzaa watatu. Dada yetu ana watoto. Kaka yetu mkubwa, Benedikto, alioa, akakaa na mke miaka hakuna kitu, wajomba wa mke wakaja wakamchukua binti yao, akaolewa Matombo na huko amezaa watoto wazuri tu. Benedikto akaoa wa pili, ikawa vile vile, na huyo naye leo ana mtoto kwa mume mwingine. Kaka yangu akaanza pombe, kisha akaondoka kwenda Kilombero kulima mpunga kwenye mashamba ya watu, na hatuna habari zake. Tulikuwa tunasema amerogwa. Na mimi na Magdalena tumeoana kanisani, tunapendana, na mpaka leo hatujapata hata mimba ya kuharibika.

Kwa hiyo Daktari alipokuwa akimwambia Bwana Salehe kuhusu farasi, mimi nilisikia anatusema sisi. Baba mmoja mama mmoja, wa damu moja, dada anazaa, kaka hazalishi. Nikawa namtazama Jemadari, naye ananipumulia shingoni.

Bwana Salehe hakupoteza muda. Alisema, "Asiyezaa hana kazi hapa," akataka ampige risasi, Daktari ndiye aliyemwombea, akasema ahasiwe, atapoa, atafaa kupandwa na watalii. Siku ya kumhasi mimi ndiye niliyeshika kichwa chake mpaka dawa ya usingizi ilipomwangusha. Alipoamka alisimama akitetemeka, akanisogelea mimi, maana ananiamini, nami nikashindwa kumgusa. Tangu hapo sipati hamu ya kula. Wenzangu pale shambani wanamtania kila anapopita, wanamwita bibi harusi, na kila wakicheka mimi nahisi wananicheka mimi, ingawa hawajui lolote.

Sasa nikueleze la nyumbani, maana ndilo linalonitesa. Nyumba yetu iko milimani juu ya Mkuyuni, kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu, mimi hupanda huko Jumamosi na kushuka Jumapili jioni. Tunalima kabichi na karoti, na migomba kidogo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, wa lukolo lake, na Magdalena kwa mama yake ni binti pekee. Asipozaa, tumbo la mama yake limeishia hapo. Ndiyo maana mjomba wake, Mzee Yohana, hana usingizi. Mzee mwenyewe si mbaya, ananiita mwanangu, lakini kila nikimwamkia anaitikia huku anamtazama Magdalena tumboni.

Mke wangu ameshapelekwa kila mahali. Amesafishwa kizazi hospitali mbili tofauti. Amekunywa mizizi inayomtapisha mpaka anashindwa kusimama. Amechanjwa chale mgongoni. Amekonda, Mama Angelina, gauni alilovaa mwaka jana kwenye harusi kanisani sasa linamning'inia kama limetundikwa. Na sasa mjomba amesikia kuna mganga huko Kisaki, upande wa pori kubwa, anayefungua matumbo, nao wamepanga akishauza karoti zilizoko shambani waende naye kwa treni, akae huko mpaka apone. Mwanamke wa jirani yetu aliyepelekwa kwa mganga huyo alirudishwa amebebwa kwenye machela, akafariki kabla ya mvua. Wanasema alichelewa kwenda.

Jumamosi iliyopita nilimkuta Magdalena anaosha karoti mtoni. Nikamuuliza kama kweli anataka kwenda Kisaki. Hakuinua uso.

"Labda mimi ndiye mwenye kasoro," aliniambia. "Wewe ni mzima, kila mtu anakuona. Niache niende, nikirudi nitakuwa mama."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikamwambia maji yamepungua mwaka huu.

Nimejaribu kujiuliza ninaogopa nini hasa. Naogopa nikisema, wajomba watamchukua kama walivyochukuliwa wake za kaka yangu, na itakuwa haki yao, na mimi sina ardhi, sina nyumba, nitashuka na nguo zangu kwenye mfuko. Naogopa kusikia mtu aliyevaa koti jeupe akinitamkia kwamba hakuna kitu. Na hata nikipata ujasiri nikapimwa, je, hadubini haitasema niko mzima kama ilivyosema kwa Jemadari, halafu mke wangu aende Kisaki na cheti changu cha uzima ndicho kitakachompeleka? Wakati mwingine najiambia ninyamaze tu, huenda dawa za huko zikafanya kazi, huenda mimi na kaka yangu tulirogwa kweli, huenda farasi ni farasi na mtu ni mtu. Lakini nikimfunga Jemadari bandani ananitazama, na mimi naangalia pembeni.

Karoti zimeshaanza kung'olewa. Niambie nifanye nini, mama yangu, maana mimi peke yangu nimeshindwa.

Mwenye hofu, Morogoro.


JIBU LA MAMA ANGELINA

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye ile ya maji kupungua nikakaa chini. Nakuonea huruma. Mtu aliyeshika kichwa cha mnyama anayempenda wakati anahasiwa, huku akiamini kwamba yeye na mnyama huyo ni wa aina moja, hawezi kuwa na hamu ya kula. Hofu yako si ya kijinga. Umesikia jambo la kitaalamu, ukalipima kwa jamaa zako, ukaona linafanana. Mtu mvivu wa kufikiri asingepata hofu hiyo.

Lakini huruma yangu inaishia hapo, sasa unisikilize.

Umeandika kurasa nyingi, na ndani yake kuna mtu mmoja tu ambaye mwili wake unachokonolewa, unatapishwa na kuchanjwa, na mtu huyo si wewe. Wewe unaogopa neno la daktari. Yeye ameshapitia vyumba vya madaktari na vya waganga bila kujua kwa nini. Uliona kwa macho yako majike wa Bwana Salehe wakilaumiwa na kunyimwa majani mazuri, na uliona ni uonevu, ndiyo maana umeniandikia kwa uchungu. Kisha unapanda mlimani Jumamosi na kumwacha mkeo alaumiwe vile vile. Hilo silikubali na sitalipamba.

Nimemuuliza daktari mmoja wa binadamu ninayemwamini, bila kumtajia wewe ni nani. Amesema ni kweli kwamba mwanamume anaweza kurithi ugumba, na ni kweli kwamba wazazi wa damu moja huongeza uwezekano wa chembe mbili mbovu kukutana. Lakini amesema pia kwamba huwezi kuipima nafsi yako kwa kumtazama farasi. Ugonjwa wa matubwitubwi mkiugua wote wawili mkiwa vijana unaweza kuharibu mbegu za ndugu wawili wa nyumba moja. Kisonono ambacho hakikutibiwa kinaweza kuziba njia. Mishipa iliyovimba kwenye korodani inaweza kupunguza mbegu, na hiyo hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Sababu ni nyingi, nyingine zinatibika na nyingine hazitibiki, na wewe hujui yako ni ipi, wala hujui kama unayo. Umejihukumu ukiwa kwenye uzio.

Unauliza, je, hadubini isiponiona? Kwanza iache ikutazame. Daktari amesema kasoro nyingi za wanaume huonekana kwa kipimo hicho, na kisipoonyesha kitu, utamweleza mpimaji habari za Benedikto na wake zake kama ulivyonieleza mimi. Daktari wako wa mifugo hakuigundua kasoro ya yule dume kwa hadubini, aliigundua kwa kuuliza habari za ndugu zake. Ukienda ukanyamaza, umejidanganya mwenyewe.

Sasa kuhusu Kisaki. Mkeo asipande treni hiyo. Hili haliwezi kusubiri kipimo wala majibu wala karoti kwisha. Umeniambia kuna mwanamke aliyerudishwa kwenye machela akafa, halafu ukaendelea na sentensi nyingine. Rudi kwenye hiyo sentensi. Kama Magdalena atakunywa dawa hizo akiwa mzima, na wewe ulikuwa na neno la kumzuia ukalimeza, usiniandikie tena kuniuliza utaishije, maana sitakuwa na jibu.

Utafanya hivi. Siku hiyo hiyo utakayosoma gazeti hili, omba ruhusa kwa Bwana Salehe, panda kwenu hata kama si Jumamosi. Mwambie mkeo mbele ya uso wake, mkiwa wawili tu, kuhusu wazazi wako, kuhusu Benedikto, na kuhusu ulichosikia kwenye uzio. Ukiona mdomo umekataa tena, mpe ukurasa huu asome. Usimwombe akuhurumie. Mwombe msamaha kwa mizizi aliyokunywa tangu ulipoanza kushuku, basi, kisha nyamaza umsikilize, hata akikasirika, na akikasirika ana haki.

Yeye ndiye ataamua Mzee Yohana aambiwe na nani, na lini. Mkubaliane, kisha mwende kwa mzee kwa heshima zote. Umesema si mtu mbaya. Mzee anayetaka ukoo wake usiishe hawezi kufurahi kumzika binti pekee wa dada yake.

Kisha mwende hospitali pamoja, upimwe wewe. Yeye ameshapimwa vya kutosha. Mwambie daktari ukweli wote, pamoja na magonjwa ya ujana wako, hata yale ambayo usingependa mkeo ayasikie.

Na kaka yako. Mnasema amerogwa, mmemwacha Kilombero anakunywa pombe akiamini hivyo. Mtafuteni. Hata kama hakuna dawa, mtu ana haki ya kujua kwamba hakuna adui aliyemfanyia jambo hilo.

Unaogopa kwamba mkeo ataondoka. Anaweza kuondoka, mwanangu. Siwezi kukuahidi vinginevyo, na mtu akikuahidi anakudanganya. Anataka mtoto, ukoo wake unataka mtoto, na hilo si dogo. Lakini akiondoka akijua, ameondoka mzima. Akibaki akijua, amebaki na wewe. Hivi sasa anaishi na mtu ambaye hamjui, na huyo mtu kila Jumapili jioni anashuka mlimani anamwacha na dawa zake.

Yule bwana wako alisema asiyezaa hana kazi. Alikuwa anaongea kuhusu biashara yake ya mifugo, usiyachukue maneno yake ukayaweka juu ya kitanda chako. Amka, vaa viatu, panda mlima leo.

Mama Angelina.


Barua ifuatayo imetufikia miezi michache baadaye, tunaichapa kwa ruhusa ya mwandishi.

Mama Angelina, shikamoo.

Mimi ndiye yule mliyemwita Magdalena. Mume wangu alikuja siku ya kazi, nikajua kuna msiba. Akanipa gazeti, akatoka nje, akaanza kupasua kuni. Nilisoma mara moja, nikarudia. Kisha nilimwita, hakuweza kuvuka mlango, akakaa kizingitini, akanieleza yote akiwa ameshika shoka mapajani.

Sitakuficha, nilimkasirikia. Kuna siku kadhaa nilimpikia bila kumsemesha. Mizizi yote nilikwenda kuimwaga chooni. Kwa mjomba nilikwenda mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu. Aliniomba nimwonyeshe mgongo, akaziangalia zile chale, akasema Kisaki hakuna anayekwenda.

Hospitali tulikwenda wawili. Mpimaji alimletea mume wangu maji ya kunywa kwanza. Majibu yalisema mbegu ni chache mno, karibu hakuna. Daktari hajui kama ni ya kurithi au ni matubwitubwi, maana yeye na kaka yake waliugua pamoja wakiwa vijana, mama mkwe amekumbuka. Ametuandikia twende Dar es Salaam kwa mtaalamu, na ametuambia tusiwe na matumaini makubwa. Mume wangu sasa yuko Kilombero kumtafuta Benedikto.

Mjomba ameniuliza kama nataka ndoa hii iishe, akasema yeye hatanilazimisha upande wowote. Nimemwambia anipe muda. Wiki iliyopita nimempa jibu, kwamba mume wangu akirudi amkute mke wake. Mjomba hakufurahi, lakini alinisaidia kubeba karoti mpaka barabarani.

Habari ya mtoto bado inaniogopesha, na nikiwafikiria mama yangu na ukoo wake nalia. Ila nakula, Mama Angelina. Nakula na chakula kinakaa tumboni.